Kuchaji Simu Kwenye Tundu Usilolijua Bila Kuachia Data

Chukua kebo ya USB ya kichwa kipana kile cha zamani, uimulike ndani kwa tochi. Utaona vipande vinne vya chuma. Viwili vya pembeni, virefu kidogo kuliko wenzake, hupitisha umeme wa volti 5. Viwili vya katikati ni vya data. Kuchaji kunahitaji vile vya pembeni tu, lakini kebo ya kawaida huunganisha vyote vinne, na kilicho nyuma ya tundu la ukutani hukioni. Huenda ni chaja, huenda ni kompyuta ndogo inayotaka kunakili faili zako.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni kubeba adapta yako na kebo yako, uchomeke kwenye soketi ya umeme. Soketi haina njia ya data, kwa hiyo hakuna cha kuzuia. Kebo ya kuazima usiiamini: zipo zilizofichwa chipu ndani ya kichwa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyingine. Huna soketi, una tundu la USB tu? Chaji pawabenki hapo, kisha simu ichajiwe na pawabenki. Chaja isiyotumia waya nayo haina njia ya USB ya kufikia faili zako.

Baada ya hapo ndipo kinakuja kizuia data, kile kipande kidogo kinachokaa kati ya kebo na tundu (wenyewe hukiita kwa utani kondomu ya USB). Kazi yake ni kukata waya za data. Kijaribu kabla ya kukitegemea. Kwanza unganisha simu na kompyuta yako bila kizuizi, uhakikishe faili zinaonekana. Ukiruka hatua hii huenda unapima kebo ambayo tangu mwanzo haina data. Kisha weka kizuizi, fungua skrini, uchomeke tena. Simu ionyeshe inachaji, kompyuta isione kitu.

Wengi hulalamika kwamba kizuizi kinachaji polepole. Sababu ni kwamba simu hutumia waya hizohizo za data kutambua aina ya chaja. Zikikatwa tu, simu nyingi huchukua ampea 0.5, yaani wati 2.5, na betri ya mAh 4000 itahitaji zaidi ya saa 6. Kizuizi kizuri huunganisha waya mbili za data upande wa simu, simu ikaamini iko kwenye chaja halisi na kuvuta hadi ampea 1.5. Kwa USB-C mambo ni tofauti: nguvu hupangwa kwenye pini zake maalumu, hivyo nunua kizuizi cha USB-C chenyewe, usiunge adapta juu ya adapta.

Sasa simu yenyewe. Android tangu toleo la 6 huanza kwa kuchaji tu. Kuhamisha faili ni mpaka uchague mwenyewe. Kinachoharibu ni utatuzi wa USB (njia ya kompyuta kuiamuru simu kupitia kebo) uliowashwa zamani na kusahauliwa. Ingia kwenye chaguo za wasanidi programu, uzime, kisha ufute idhini zote za kompyuta zilizowahi kuruhusiwa. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio, uhakikishe vifaa vya pembeni havina ruhusa simu ikiwa imefungwa.

Simu ikichomekwa kwenye kompyuta huweza kuuliza kama unaiamini; ikiwa kwenye chaja, swali hilo halina sababu ya kutokea. Likitokea, chomoa, usihangaike hata kubonyeza hapana. Wala usidhani kwamba usipobonyeza wewe hakuna atakayebonyeza. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walionyesha chaja inayojifanya kibodi, inajiunga na simu kwa Bluetooth, kisha inageuka kompyuta na kujijibia swali hilo yenyewe. Apple iliziba pengo hilo kwenye iOS 18.4 kwa kudai uthibitisho wa mwenye simu. Kwa hiyo sasisha simu, na ukishachomeka usiifungue: mashambulizi mengi ya aina hii hutegemea skrini iliyo wazi. Menyu zikifunguka zenyewe au Bluetooth ikiwaka bila wewe, vuta kebo.

Ukiwa umeshakubali kwa bahati mbaya, chomoa kwanza. Kwenye iPhone nenda mipangilio ya jumla, sehemu ya kuweka upya, uchague mahali na faragha. Hapo kompyuta zote zilizoaminiwa husahaulika. Kwenye Android kagua programu zilizosakinishwa karibuni na zile zenye ruhusa ya ufikivu au ya msimamizi wa kifaa (ruhusa za kusoma skrini au kuitawala simu), uondoe usizozitambua. Kisha badilisha nywila ya barua pepe na ya benki ukitumia kifaa kingine, si simu hiyohiyo.