Jinsi ya kuendesha ubishi wa sizoni na riwaya zake

Kijiwe chetu cha wapenzi wa sizoni za anga na sayansi hukutana Jumamosi mchana Mwanjelwa, hapa Mbeya. Wanakuja wanafunzi wa chuo kutoka Iyunga, mafundi simu, mwalimu wa sekondari kutoka Uyole. Sizoni hizi zina riwaya zilizoandikwa juu ya wahusika walewale, na ubishi haukosekani: kitabu kimesema hivi, sizoni imeonyesha vile, tufuate kipi? Ni ubishi mtamu sana, ila usipoongozwa anashinda mwenye sauti kubwa. Naandika namna tunavyouendesha ili nawe, uwe Iringa, Njombe au Tukuyu, uanzishe wa kwenu.

Hatua ya 1: Hoja moja, sentensi moja

Bandika karatasi ya manila ukutani, uandike hoja juu kabisa kwa maka peni. "Vitabu vya Star Trek ni vya uongo" hiyo si hoja, hailetwi mezani (Star Trek ni sizoni na filamu za wasafiri wa anga). "Riwaya inasema huyu alifariki, na episodi ya baadaye inamwonyesha yuko hai" hiyo inabishanika. Mtu akianza kutangatanga, mwonyeshe karatasi.

Hatua ya 2: Ushahidi uonekane

Anayetetea kitabu asome aya nzima kwa sauti, pamoja na iliyotangulia. Anayetetea sizoni ataje episodi na dakika, kisha wote muitazame.

Hapa kwetu kuna jambo la kuangalia kwa makini. Wengi tulizifahamu kazi hizi kwenye mabanda ya video, zikiwa zimetafsiriwa. Wale watafsiri ni watu wenye kipaji, na bila wao wengi wetu tusingezipenda hadithi hizi. Lakini mtafsiri huongeza chumvi: anampa mhusika jina jipya, anamtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema, anaeleza sababu ya ugomvi kabla hata haijatajwa. Maneno yake hayawezi kuwa ushahidi. Tazameni tukio kwa sauti yake ya asili, na maandishi yakipita chini, kwenye laptop iliyojaa chaji maana umeme hauna ahadi. Hoja nyingi huishia hapahapa, kwa sababu kilichokuwa kinabishaniwa kilitoka kwa mtafsiri.

Hatua ya 3: Panga tarehe kabla ya kumlaumu mwandishi

Hii ndiyo hatua ninayoipigania kuliko zote. Chora mstari kwenye manila, weka mwaka wa kila kitabu, kila filamu, kila msimu.

Chukua mfano wa Star Wars, filamu za vita vya anga zilizoanzishwa na George Lucas. Mwaka 1978 Alan Dean Foster alitoa riwaya ya Splinter of the Mind's Eye. Ndani yake Luke na Leia, wahusika wakuu wa filamu hizo, wana mvuto wa kimapenzi. Kijana anayeisoma leo anakunja uso: hawa si ndugu? Sasa tazama mstari. Filamu ya kwanza ilitoka 1977. Ya pili ilitoka 1980. Habari kwamba wawili hao ni pacha ilikuja na filamu ya tatu, mwaka 1983. Foster alipoandika, mbele yake kulikuwa na filamu moja tu, wala hakuna kilichomkataza. Kitabu chake hakikupingana na chochote siku kilipotoka. Filamu ndiyo iliyokuja kukiacha nyuma.

Kwa hiyo ukisema "riwaya inapingana na sizoni", sema pia ipi ilitangulia. Kitabu kilichopuuza kitu kilichokwisha kuonyeshwa ni kosa la mwandishi au mhariri. Kitabu kilichopitwa na skrini baadaye hakina kosa, na mwandishi wake asitukanwe kijiweni.

Hatua ya 4: Kila nyumba ina sheria zake

Usihamishe sheria ya kazi moja kwenda nyingine. Star Trek imeshikilia kwa miaka mingi kwamba rasmi, yaani kinachohesabiwa kuwa kimetokea kweli ndani ya hadithi, ni kile kilichoonekana kwenye skrini, riwaya hazimo. Star Wars ilikuwa na ngazi: filamu za George Lucas juu, vitabu chini yake. Kisha Aprili 2014, baada ya Disney kuinunua Lucasfilm mwaka 2012, riwaya za zamani zikawekwa kando kwa jina la Legends, na vitabu vipya vikaanza kuhesabiwa sawa na skrini. Kwa Babylon 5, sizoni ya kituo cha anga, J. Michael Straczynski, mwanzilishi wake aliyeandika episodi 92 kati ya 110, mwenyewe aliikubali riwaya ya Kathryn Drennan ya 1997, To Dream in the City of Sorrows, kuwa sehemu ya hadithi. Doctor Who, sizoni ya BBC ya msafiri wa muda aitwaye Doctor, haina orodha rasmi kabisa. BBC haijawahi kuitoa.

Hatua ya 5: Ni mgongano wa aina gani?

Mgongano mdogo, kama rangi ya koti au idadi ya vyumba vya chombo, upite haraka. Usile mchana wenu.

Mgongano unaoweza kuunganishwa uundiwe maelezo, kwa sharti moja: maelezo yatokane na yaliyomo ndani ya kazi zenyewe. Ukilazimika kubuni mambo mawili ili kuliokoa moja, acha. Hapo umeshaanza kutunga riwaya yako.

Kisha kuna usiounganika. Mwaka 1995 Paul Cornell aliandika riwaya ya Doctor Who, Human Nature: Doctor wa saba (Doctor hubadilika sura na mwigizaji, na kila sura ina namba yake) anageuka binadamu na kufundisha kwenye shule Uingereza, mwaka 1914. Mwaka 2007 Cornell huyohuyo akaiandika upya kwa televisheni, safari hii kwa Doctor wa kumi, mwaka 1913, na mwenzake wa safari ni mwingine. Wapo wanaosema yalitokea mara mbili. Mimi naona ni kuminya hadithi mbili nzuri hadi zipoteze ladha. Ziacheni zote mbili, kila moja kwa wakati wake.

Hatua ya 6: Tenganisha "rasmi" na "kizuri"

Piga kura mbili. Kwanza: kitabu hiki ni sehemu ya mwendelezo? Pili: kimetupa nini? Usiruhusu jibu la kwanza limeze la pili. Hikaru, jina la kwanza la Sulu, rubani wa chombo kwenye Star Trek, lilitoka kwenye riwaya ya Vonda McIntyre ya 1981, likasikika kwenye filamu mwaka 1991. Nyota, jina la kwanza la Uhura, mwenzake wa chombo hichohicho, lilikuwa vitabuni tangu 1982 na kufika skrini 2009. Kuanzia 2001 riwaya za Star Trek zilijenga mwendelezo wao kwa takriban miaka ishirini. Sizoni ya Picard, ya Star Trek pia, ilipoleta njia nyingine ya hadithi mwaka 2020, waandishi wakaufunga kwa riwaya tatu za Coda mwaka 2021. Aliyefuatana na wahusika hao muda wote huo ana haki ya kuwalilia. Dada mmoja alipoeleza mwisho wa Coda kijiweni, watu walinyamaza wakamsikiliza hadi akamaliza. Neno "si rasmi" lisitumike kumfunga mtu wa namna hiyo mdomo.

Hatua ya 7: Andika uamuzi na tarehe yake

Chini ya manila andika mlichokubaliana, waliokataa na sababu zao, na kitu kitakachofanya shauri lifunguliwe tena. Thrawn, adui mkubwa wa Star Wars, alizaliwa kwenye riwaya ya Timothy Zahn mwaka 1991, akawekwa kando 2014, akarudishwa na sizoni ya Rebels mwaka 2016. Aliyerudi ni mhusika. Vita vya kitabu kile bado viko Legends, na kila msimu mpya ukitoka mtu huja kudai vimerudi navyo. Mpe maka peni, arudi hatua ya kwanza. Maliza kabla ya saa kumi na mbili, wa Tukuyu wawahi gari.