Kuendesha mchezo wa mezani bila kuwanyang'anya wachezaji hadithi

Ukitaka kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa karatasi, penseli, dadu na watu wanne watano waliogeuka wachawi na wapiganaji, anza kwa kuacha kuandika mwisho wa hadithi. Nalisema mapema kwa sababu karaha nyingi za mwendeshaji, yule anayesimulia na kuigiza watu wengine wote wa hadithi, huzaliwa hapo. Amekesha akipanga matukio, wachezaji wakashika njia nyingine mapema kabisa, na sasa anahangaika kuwarudisha. Wao wanaona wanaburutwa. Yeye anaona kazi yake haithaminiwi.

Jambo hili limekuwepo tangu mwanzo. Kabla Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, haijachapishwa mwaka 1974, David Wesely wa Minnesota, Marekani, aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon, akampa kila mchezaji mtu wake katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein. Wachezaji hawakusubiri majeshi. Walianza kutafutana, kula njama na kugombana wao kwa wao. Wesely aliona mchezo umemvurugikia, lakini wenzake wakataka urudiwe. Miongoni mwao alikuwa Dave Arneson, ambaye baadaye aliitunga Dungeons & Dragons pamoja na Gary Gygax. Kwa hiyo meza yangu inapochepuka, mimi hufurahi kwa dhati.

Sasa uandae nini? Andaa watu. Kila mtu ambaye wachezaji wanaweza kukutana naye mwandikie mambo matatu: anataka nini, anaogopa nini, na ana kitu gani cha kuonekana au kusikika. Kwenye kikao kimoja nilikuwa na mlinzi wa daraja. Karatasi yangu ilisema: anataka kuwahi nyumbani, mtoto ana homa, anamwogopa mkuu wake, hatulii, kila mara anatazama jua. Nilitarajia kikundi kilipe ushuru au kipigane. Nilipoeleza kwamba mlinzi ametazama jua tena, mchezaji mmoja, mkimya ambaye kwa kawaida huwaachia wenzake waamue, akamuuliza, "Ndugu, nyumbani kwema?" Nikajibu kwa sauti ya mlinzi, taratibu, "Si kwema sana. Mtoto anaumwa." Meza nzima ikanyamaza. Muda uliobaki wote ukawa wa kutafuta dawa msituni, na yule mkimya ndiye aliyeongoza njia. Ramani ya ngome niliyokuwa nimeichora haikufunguliwa kabisa. Ramani kama hiyo usiitupe wala usiilazimishe. Iweke, siku moja watahitaji ngome.

Dadu nazo zitumie kwa kiasi. Usiitishe mrusho kabla hujajua kushindwa kutaleta nini. Kama njia ni moja, mlango umefungwa na mchezaji amekosa, mchezo umesimama. Afadhali mlango ufunguke kwa kishindo na walinzi wasikie. Halafu piga hesabu kidogo. Mchezaji mwenye nyongeza ya 5 (namba inayojumlishwa na ile ya dadu) anayetakiwa kufikisha 15 kwa dadu ya pande 20 anahitaji 10 au zaidi, yaani pande 11 kati ya 20, asilimia 55. Ukimrushisha mara tatu ili avuke ua mmoja kwa kunyata, na kukosa mara moja tu kukawa ndiyo kukamatwa, nafasi yake inashuka hadi karibu asilimia 17. Unadhani unaongeza msisimko, kumbe umeziba njia. Arushe mara moja, matokeo yasimame kwa ua mzima.

Kuhusu sheria, ukisahau moja katikati ya pambano, toa uamuzi wa haki papo hapo, uandike, mkifungue kitabu baada ya kikao. Ubishi wa kurasa huua pambano haraka sana.

Kinachoumiza hasa ni ratiba. Nimeona visa vizuri vikifa kwa sababu tu watu wazima hawakupata jioni moja ya pamoja. Chagueni siku isiyohama na mkubaliane idadi ya chini: wakifika watatu, mnacheza. Mhusika wa yule aliyekosekana amebaki kambini anauguza jeraha, basi. Mkizoea kuahirisha kwa ajili ya mmoja, mwisho hata waliokuwa wanakuja wataacha kuja.

Atakuwepo pia mchezaji anayejibu kila swali, hata lisilo lake. Usimkate mbele za watu. Mgeukie mwingine kwa jina la mhusika wake, umuulize, "Haya yakitokea, wewe umesimama wapi na mikono yako inafanya nini?" Swali la namna hiyo hujibika hata kwa mwenye aibu, kuliko "unafanya nini?" tupu. Yule msemaji ongea naye pembeni, kwa upole. Mara nyingi anaupenda mchezo kuliko wote.

Na kabla ya kikao cha kwanza kabisa, kaeni mkubaliane ni mambo gani hayataingia mezani, na kwamba yeyote anaweza kusimamisha tukio bila kudaiwa maelezo. Hili mimi silifanyii mzaha, kwa sababu mtu aliyeumizwa hapo harudi.

Mkimaliza, kabla watu hawajainuka, waulize: mara ijayo mnaelekea wapi? Liandike jibu mbele yao. Hilo ndilo utakaloliandaa, mengine yaache.