Kabla goti halijarudi barabarani: mambo ya kuzingatia kwa mkimbiaji wa Bukavu

Bukavu, mji wetu wa milima kando ya Ziwa Kivu huku Kongo, ni vigumu kupata barabara tambarare. Ukitoka nyumbani Kadutu, mtaa wa mlimani, unashuka, kurudi unapanda. Ukikaa karibu na ziwa ni kinyume chake. Kwa hiyo aliyeumia goti na anataka kurudi kwenye mazoezi ya marathoni asijiulize kwanza kama anaweza kukimbia. Ajiulize kama anaweza kushuka.

Mimi nilijiuliza swali lisilo lenyewe. Nilikwenda na kurudi kwenye avenue Lumumba bila kusikia kitu, nikajiona nimepona, na Jumamosi iliyofuata nikateremka kutoka Kadutu kwa mwendo wangu wa zamani. Jumapili goti lilikuwa limejaa, limekuwa la moto, na kanisani nilisimama kwa mguu mmoja. Miezi minne ikapotea.

Wakati wa kupanda, wanaolalamika zaidi ni moyo na mapafu. Wakati wa kushuka, msuli wa mbele wa paja unarefuka huku umebeba uzito wa mwili, kazi yake ikiwa ni breki, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Tena goti likivimba, hata kidogo tu, mwili wenyewe unaupunguzia msuli huo nguvu. Ndiyo maana paja la upande ulioumia hukonda, na linabaki limekonda hata baada ya maumivu kwisha. Azima utepe wa fundi cherehani, weka alama sentimita 15 juu ya pia ya goti, pima mapaja yote mawili. Langu la kushoto lilikuwa na upungufu wa sentimita 2 siku ileile niliyokuwa nawaambia watu nimepona.

Kabla ya hayo yote, ujue kilichoumia ni nini. Kano iliyokatika, gegedu lililopasuka na maumivu ya nyuma ya pia havitibiwi kwa njia moja. Radio, yaani picha ya eksirei, inaonyesha mifupa, gegedu haionyeshi. Mahali fulani niliambiwa picha ni safi, nenda kakimbie, na hakuna mkono wa mtu uliogusa goti langu. Dai kupimwa kwa mikono, ikiwezekana na kine (mtaalamu wa fiziotherapia) au daktari wa mifupa. Na kama goti linakwama katikati ya kukunja, au linakuachia ghafla ukiwa umesimama, au linavimba kila unapolitumia, hizo si dalili za kuvumilia nyumbani. Goti jekundu, la moto, pamoja na homa, unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Halafu jipime kwenye ngazi. Simama juu ya ngazi moja ya kawaida kwa mguu ulioumia, teremsha kisigino cha mguu usioumia hadi kiguse chini ukihesabu moja, mbili, tatu, kisha panda. Fanya hivyo mara 10. Mwombe mdogo wako akae mbele akutazame: goti likilalia ndani kuelekea mguu wa pili, au kiuno kikishuka upande mmoja, bado. Kama ni sawa, tembea haraka dakika 45 na miteremko yake, siku mbili mfululizo. Jibu utalipata asubuhi unapotoka kitandani, kwa sababu uvimbe mara nyingi huja usiku.

Dawa za maumivu zinahitaji neno lake. Diclofenac na ibuprofen zinapatikana famasi kwa urahisi, na wengi wetu tunameza kimoja kabla ya kutoka. Tafadhali usifanye hivyo. Kidonge kinazima kengele ile unayoihitaji, na ukikimbia muda mrefu ukiwa na upungufu wa maji, dawa hizo zinaweza kuumiza figo na tumbo.

Ukishafaulu ngazi, anza: dakika 1 kukimbia, 2 kutembea, kwa dakika 20 au 30, siku moja kazi, siku moja pumziko. Hapa milima yetu inasaidia. Kimbia unapopanda, tembea unaposhuka. Kupanda hakupigi goti sana, ingawa vigimbi vya miguu vitakuambia. Maumivu yapime kwa kumi: mbili au tatu zinazokwisha kabla ya kesho yake zinavumilika, zaidi ya hapo punguza. Baada ya wiki kadhaa ongeza mteremko mmoja mfupi, mmoja tu.

Kushuka nilifundishwa na mama mmoja mbeba mizigo. Alikuwa na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mimi nikimpita kwa kishindo. Akasema bila kuinua kichwa: «Mtoto wangu, fupisha hatua.» Nikageuka kumwangalia. Magoti yamekunjwa kidogo, nyayo zinatua chini ya mwili wake, hatua ndogondogo za haraka. Ukiongeza idadi ya hatua kwa dakika kiasi cha asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza mwendo, mzigo kwenye goti unapungua. Yeye alikuwa analifanya na gunia.

Viatu: wengi tunanunua vya mitumba, na si aibu. Viweke mezani, vitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande kimebeba mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, viache hata kama juu vinang'aa.

Ukiweza kuchagua, anza kiangazi, Juni hadi Agosti. Vumbi litakuwepo, lakini goti linalojifunza upya halistahili kuteleza kwenye matope ya Novemba. Na wiki 16 au zaidi za kujiandalia kilomita 42.195 usianze kuzihesabu mpaka unaweza kukimbia dakika 30 bila kutembea, mara tatu kwa wiki, miteremko ikiwemo. Mapafu yatakuwa tayari mapema kuliko goti. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

La mwisho ni dogo. Miezi ya mwanzo zunguka karibu na nyumbani, na kila unapotoka weka nauli ya motari kwenye soksi. Siku goti litakapokataa ukiwa chini kabisa ziwani, usirudi mlimani ukichechemea. Inua mkono, panda pikipiki.