Kutafuta wajenzi wa mbali kwa kivuli chao: hatua kwa hatua na data ya Kepler

Wengi wanaotafuta viumbe wenye akili nje ya Dunia husikiliza redio. Huku tunatafuta kivuli, kwa vipimo vya mwanga wa nyota vilivyochukuliwa na Kepler, darubini ya anga ya NASA: kitu kikubwa kilichojengwa, kinachopita mbele ya nyota yake na kuuziba mwanga. Uzuri wake ni kwamba wajenzi hawahitaji kututumia ujumbe wowote. Mwaka 2005 Luc Arnold alionyesha kwa hesabu kuwa umbo kama pembetatu huacha alama tofauti na ya sayari ya mviringo.

Hatua ya 1. Kwenye Python, sakinisha maktaba: `pip install lightkurve`. Faili zinatoka MAST, hifadhi ya data za darubini za anga, bila malipo.

Hatua ya 2. Jipime kwanza kwa nyota inayojulikana, KIC 8462852 (namba yake katika orodha ya nyota za Kepler):

`import lightkurve as lk`
`lc = lk.search_lightcurve("KIC 8462852", author="Kepler", quarter=8, cadence="long").download()`
`lc.normalize().plot()`

Karibu na siku ya 792 (kwa hesabu ya siku ya Kepler) mwanga unashuka taratibu kwa takriban wiki nzima, unapungua kama 15%, kisha unarudi juu kwa siku chache tu. Sayari ya ukubwa wa Mshtarii mbele ya Jua ingeziba 1% hivi, na kushuka kungefanana na kupanda. Usipouona mteremko huo, rekebisha kasoro kabla ya kusonga mbele.

Hatua ya 3. Safisha kwa mkono mwepesi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu zana zilitengenezwa kwa wasaka sayari. `flatten()`, inayonyoosha mabadiliko ya polepole ya mwanga, isipoelekezwa hutumia dirisha la vipimo 101. Kipimo kimoja ni dakika 29.4, kwa hiyo dirisha ni kama saa 49. Mteremko wa wiki nzima unachukuliwa kuwa tabia ya nyota na kupigwa pasi ukaisha. Usitumie `flatten()` mwanzoni; ukilazimika, weka `window_length=1001`. Vilevile `remove_outliers()` hufuta vipimo vilivyozama sana, yaani hivyohivyo unavyovitafuta. Andika:

`lc.remove_outliers(sigma_lower=float("inf"), sigma_upper=5)`

Ukiunganisha robo kadhaa (vipindi vya miezi mitatu hivi vya data ya Kepler), tumia `normalize()` kwa kila robo peke yake. Chombo kiligeuzwa kila baada ya siku 90 hivi, nyota ikaangukia pikseli nyingine, na ngazi inayoonekana hapo ni ya kamera.

Hatua ya 4. Chora mteremko, kisha uchore tena ukiwa umegeuzwa kushoto kulia kuanzia katikati yake. Sayari ya kawaida italaliana na kioo chake. Isipolaliana, usishangilie: mkia wa kometi (nyotamkia) na pete za sayari pia huleta upogo.

Hatua ya 5. Pakua pikseli kwa `search_targetpixelfile`. Chukua wastani wa picha za nje ya mteremko, toa wastani wa picha za ndani. Doa litakalong'aa ndilo chanzo cha kufifia. Likikaa pembeni ya nyota yako, umenasa nyota pacha za nyuma zinazopatwana. Ukihamia data ya TESS, darubini nyingine ya anga ya NASA, ongeza uangalifu, maana pikseli yake ni sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani), ya Kepler 4 tu, hivyo nyota jirani huchanganyika kwa urahisi.

Hatua ya 6. Mteremko ukijirudia, upimwe kwa vichujio vya bluu na vyekundu kwa wakati mmoja. Kitu kigumu huziba rangi zote karibu sawa. Vumbi laini huziba bluu zaidi. Miteremko ya KIC 8462852 ya mwaka 2017 ilikuwa na kina zaidi kwenye bluu, ndiyo maana leo inahesabiwa kuwa vumbi.