Mgonjwa katoka opresheni anasikia kichefuchefu? Mnusishe hivi

Hapa Uganda wanaokaa na mgonjwa wodini ni sisi ndugu, kwa hiyo hii tuijue wote. Mtu katoka opresheni salama afu dawa ya usingizi ikianza kuisha anapata kichefuchefu, na kutapika na mshono tumboni ni mateso jamani. Inawapata karibu watu 3 kati ya 10, zaidi wanawake, wasiovuta sigara na wale ambao hata basi la Arua linawatapisha.

Kwanza mwambie musawo (daktari au nesi). Dawa za kuzuia kutapika kama ondansetron ndo tiba yenyewe, kunusa alkoholi kunamsaidia wakati mnasubiri.

Omba nesi swabu ya alkoholi, ile ya kwenye kipakiti kidogo anayopangusia ngozi kabla ya sindano. Ichane uishike chini ya pua, iwe mbali kama upana wa kidole, isiguse ngozi, mgonjwa avute hewa polepole kwa pua aitoe kwa mdomo, aendelee hivyo kama dakika 1. Mpumzishe dakika chache halafu rudia, ukifika mara 3 acha. Nyingi zina isopropili, aina ya alkoholi, na mapitio ya utafiti ya Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya) ya 2018 yaliona huenda mahitaji ya dawa za kuzuia kutapika yanapungua kwa wanaoinusa. Spiriti ya chupa usiitumie badala yake, mara nyingi ina vitu vingine ndani. Na kama amewekewa oksijeni acha kabisa, alkoholi inashika moto!

Mafuta ya minti nayo watu wanayapenda, tone 1 au 2 kwenye pamba yanatosha, ila ushahidi wake ni mdogo. Asiyanywe, usimpake usoni, na mtoto mdogo au mwenye pumu usimnusishe. Akikosa vyote apumue tu taratibu hivyo hivyo, hata hiyo inatuliza.

Kama musawo hajakataza, mwinue kichwa kidogo, akiwa bado na usingizi alale ubavu asije akapaliwa na matapishi. Akitaka kutapika mwekee mto juu ya mshono aubane kwa mikono, maumivu yanapungua sana. Na tafadhali sufuria ya mukene (dagaa) msiifunulie kando ya kitanda chake, mkale nje.

Akitapika bila kukoma, au damu, au maji ya kijani, au tumbo linajaa na kuwa gumu, weka swabu chini ukamwite musawo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.