Upo Kigoma na una pasipoti ya Marekani? Karatasi ya kura inakuja kwa imeili, mtihani ni kuirudisha

Wakuu habari za mwisho wa reli. Nina steshenari yangu ndogo hapa Mwanga, naprinti, naskani, nalaminetisha vyeti, kazi za kawaida tu. Ila hii miaka ya karibuni nimeanza kupata wateja ambao sikuwategemea, watu waliokulia kambini Nyarugusu kule Kasulu, wakapelekwa Marekani, wakakaa mpaka wakapata uraia, saa hizi wamerudi huku kwa mambo yao, mmoja kaoa, mwingine anafanya biashara ya mawese na dagaa, mwingine anauguza mama. Na mwaka wa uchaguzi wa kule ukifika swali linakuwa hilo hilo, hivi naweza kupiga kura nikiwa hapa?

Unaweza. Na sio kwa kujuana wala kwa huruma ya mtu, ni sheria yao ya 1986 inayoitwa UOCAVA, inawahusu wanajeshi wao, familia za wanajeshi na raia wanaoishi nje. 2009 wakaiongezea nguvu kwa sheria nyingine, MOVE, inayosema mambo mawili ambayo wewe wa Kigoma yanakuhusu sana: jimbo lazima likutumie karatasi ya kura siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa kama ombi lako limeshafika, na lazima likupe njia ya kuipokea kwa mtandao ukitaka. Yaani habari ya kusubiri bahasha itoke Ohio ipite sijui wapi mpaka Posta ya Kigoma, hiyo imekwisha.

Sasa hapo ndo wengi wanapojichanganya, wanadhani kama imekuja kwa mtandao basi itarudi kwa mtandao. Sio hivyo. Kupokea kwa mtandao ni haki yako jimbo lolote, kurudisha kwa mtandao kunategemea jimbo lako. Arizona wana ukurasa wa kupakia karatasi uliyojaza, North Carolina pia wanao. Ohio hapana, wao wanataka karatasi yenyewe, Pennsylvania na Michigan vile vile, na Texas kwa raia wa kawaida anayekaa nje ni posta. Kwa hiyo mi nikipata mteja siku hizi swali la kwanza simuulizi jina, namuuliza ulikuwa unakaa jimbo gani, maana jibu lake ndo linanambia kama kurudisha kutahitaji miezi ya kujipanga au dakika kumi tu.

Kabla ya yote, uraia. Grini kadi sio uraia. Kuna kijana alikuja na kadi yake anataka nimjazie fomu, nikamwambia kaka hapana, asiye raia akijiandikisha au akipiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa kule ni kosa la jinai na anaweza kufukuzwa nchini kabisa. Kama huna cheti cha uraia au pasipoti ya bluu, ishia hapa. Na kwa wale waliokuwa Watanzania wakachukua uraia wa kule ukubwani, mnajua wenyewe sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo kura yako ni ya kule, ya huku sahau.

Fomu inaitwa FPCA, inapatikana fvap.gov, hiyo ni ofisi ya serikali yao inayoshughulika na hizi kura. Fomu moja inafanya kazi mbili, inakuandikisha na inakuombea karatasi ya kura. Haina malipo, mtu akikwambia kuna ada ya ubalozi au ya wakala ujue unapigwa, mi nachukua hela ya kuprinti tu. Unaijaza kila mwaka, na Januari ndo muda mzuri, usidhani ya mwaka juzi bado inatembea.

Ntawaeleza kwa mfano wa dada mmoja mteja wangu, ye ananiita mdogo wangu, tulihangaika pamoja uchaguzi wa 2024. Alikuwa Columbus, Ohio. Tulipofika kwenye anwani ya kupigia kura akakwama, akasema ile apatimenti nilishairudisha kwa mwenyewe, anakaa mtu mwingine. Haina shida. Wanataka anwani ya mwisho uliyokaa kihalali kabla hujatoka Marekani, hata kama nyumba imebomolewa, kwa sababu hiyo ndo inawaambia upewe karatasi ya kaunti gani na ya wagombea gani. Usiandike ya binamu yako kisa ndo mnawasiliana. Halafu kuna sehemu ya anwani ya sasa, hapo andika sanduku la posta, maana ukianza kuwaelezea nyuma ya msikiti karibu na mashine ya kusaga watakushangaa.

Kuna vyumba vya kuchagua wewe ni nani, mwanajeshi, au mke au mume wa mwanajeshi, au raia uliye nje unayetarajia kurudi, au raia uliye nje ambaye hujui kama utarudi. Jibu ukweli wako, maana kuna majimbo ukisema hujui kama utarudi wanakupa kura ya nafasi za kitaifa tu, ya diwani na jaji wa mtaani hupati. Wanajeshi sisemi sana, hao kwenye kikosi kuna afisa maalumu wa mambo ya kura, kijana wako kama yupo jeshini mwambie amtafute huyo.

Sehemu ya namna ya kupokea, weka alama kwenye imeili au mtandao. Kisha imeili iandike kwa herufi kubwa zilizoachana, sifuri na o usizichanganye. Saini ni ya mkono, kwa peni. Sio jina ulilolichapa kwa maandishi ya kulalia, sio picha ya saini uliyoikata kwenye barua nyingine. Printi, saini, weka tarehe ya siku hiyo, skani, tuma kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, imeili yao ipo hapo hapo fvap ukichagua jimbo na kaunti. Ohio wanaipokea kwa imeili, ila soma maelekezo ya jimbo lako. Na saini hiyo iwe ile unayosaini siku zote, kuna ofisi zinalinganisha.

Sasa niwasimulie kilichotutoa jasho. Tumetuma Julai, wamejibu wameipata, raha mustarehe. Septemba karatasi zimeanza kutumwa, dada kaja dukani kapoteza simu, anafungua imeili yake kwenye kompyuta yangu, imeili inasema tumekutumia namba za uhakiki kwenye simu yako inayoishia na 47. Hiyo 47 ni laini ya Marekani aliyoiacha ikafa. Alikaa kwenye ile stuli ya plastiki ananiangalia kama mi ndo nimemfungia. Tulimaliza siku nne, mara mdogo wake kule aulizwe, mara ajibu maswali ya mwaka 2016, mwisho ikafunguka kwa imeili ya pili aliyokuwa ameiweka zamani. Kwa hiyo nawaomba, hili lifanyeni leo kabla ya fomu, ingia kwenye imeili yako, toa namba ya kule, weka laini yako ya huku iliyosajiliwa kwa jina lako. Na karatasi yenyewe tuliikuta wapi? Kwenye spamu, ina siku tano.

Kinachokuja ni PDF au linki ya ukurasa ambao unaingia kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na vitu vingine vya kukutambua. Kurasa nyingine za kaunti hazifunguki ukiwa nje ya Marekani, usikimbilie VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, huku TCRA wanataka isajiliwe, waandikie tu imeili wakutumie faili lenyewe, au wapigie. Saa kumi jioni yetu ya Septemba kwa Ohio ni saa tatu asubuhi, wamefungua ofisi wanakunywa kahawa.

Ndani unakuta karatasi ya kura, maelekezo, hati ya kiapo na kiolezo cha bahasha. Kuprinti hapo kuna kitu kidogo kinawatisha watu, faili limepangwa kwa karatasi zao zinazoitwa letter, ni pana kidogo na fupi kuliko A4, na Kigoma nzima mi sijawahi kuona rimu ya letter. Printi kwenye A4 ila chagua iingie yote kwenye ukurasa, isikatwe pembeni. Mashine yao ya kuhesabu haitaisoma hiyo, na hata ungekuwa na letter isingeisoma, kule ofisini maafisa wananakili kura yako kwenye karatasi rasmi ndo inapita kwenye mashine. Cha muhimu alama zionekane, usifutefute, usiandike maoni pembeni.

Wakati wa kujaza mi natoka nje. Kweli kabisa, namwachia duka nasimama barabarani na wa bodaboda mpaka aniite. Akimaliza nafuta faili kwenye kompyuta, natoa kwenye pipa la takataka, nazima na kuwasha printa. Wewe kama steshenari yako hawakufanyii hivyo, njoo na flashi yako uondoke nayo, na ukimaliza toka kwenye imeili.

Kwa wa Arizona na majimbo kama hayo kazi imeisha hapa karibu, unapakia kura na kiapo chenye saini unapata ujumbe wa kupokelewa. Ujue tu kwamba majimbo mengi yanayopokea hivi yanakusainisha kwamba umekubali usiri wako upungue, maana kuna mtu lazima aifungue aiprinti. Na 2020 taasisi zao za usalama ikiwemo FBI ziliandika kwamba kutuma karatasi tupu kwa mtandao hatari yake ni ndogo ila kurudisha iliyojazwa ni hatari kubwa. Binafsi ningekuwa na muda ningetumia karatasi hata kama jimbo linaruhusu mtandao, lakini kwa umbali wa huku simlaumu anayepakia.

Wa Ohio, Texas na wenzao, sikilizeni vizuri. Kile kiolezo cha bahasha kina alama juu kulia inayosema posta imelipiwa. Alama hiyo inafanya kazi ndani ya posta ya Marekani tu. Ukiitumbukiza Posta ya Kigoma bila stempu za Tanzania haiendi popote. Njia ya bure ni kuifikisha ubalozi wa Marekani Dar, upo Old Bagamoyo Road, wao wanaiingiza kwenye mzigo wao wa kidiplomasia, ikifika kule ile alama ndo inaanza kazi. Ila huo mzigo hauna haraka, hesabu wiki nne kwa usalama, na waandikie kwanza ujue siku na saa za kupokea, usitoke Kigoma na basi ukafika unaambiwa leo ni sikukuu ya kwao. Dada alikuwa anaenda Dar kufuata vitenge, akabeba mwenyewe, na mi nilimshauri hivyo, maana majimbo mengine yana sheria kali kuhusu nani anaruhusiwa kukushikia kura yako, kwa hiyo habari ya kumpa konda afikishe Mbezi kwa mpwa wako, achana nayo.

Bahasha zenyewe ni mbili, ya ndani ina kura tu, ya nje ina hiyo ya ndani pamoja na kiapo kadri maelekezo yanavyosema. Ya ndani usiisahau. Kiolezo tunakikata tunakibandika kwa gundi kwenye bahasha ya kawaida, gundi ya maji ikilowesha wino imekula kwako, tumia ya stiki.

Njia ya pili ni EMS ya Posta au kampuni za vifurushi kama DHL, utalipa na sio kidogo, na hapo dai kwa kaunti anwani ya mtaa kwa sababu vifurushi vya kampuni haviendi sanduku la posta. Tunza risiti yenye namba ya kufuatilia.

Na ikitokea umeomba kwa wakati lakini karatasi haijaja, kuna ya akiba inaitwa FWAB, ipo hapo hapo fvap. Haina majina ya wagombea, unayaandika mwenyewe kwa mkono, au unaandika chama. Unaituma kama nyingine. Halafu ile halali ikija baadae ijaze uitume pia, haihesabiki mara mbili, wanachukua moja.

Mwaka huu wa 2026 uchaguzi wao ni Novemba 3, siku 45 nyuma ni Septemba 19. Kama wewe ni wa kurudisha karatasi, ukiipata wiki ile ile, Septemba haitakiwi iishe haijafika ubalozini, na usihesabu siku za nyongeza baada ya uchaguzi hata ukisikia jimbo fulani wanazo.

Majimbo yana ukurasa wa kufuatilia kura yako. Dada alikuwa anaufungua kila akipita dukani, wiki ya kwanza hamna, ya pili hamna, ya tatu hamna, nikaanza kukwepa macho yake. Siku moja mwishoni mwa Oktoba kaja na ndoo ya dagaa kichwani, hajaitua, kanipa simu nimfungulie. Imepokelewa. Akaitua.