Somo: Kusoma picha ya AVIRIS, anza na pikseli moja

Picha za AVIRIS, kamera ya NASA (shirika la anga la Marekani) inayopima mwanga kutoka ndegeni, hutusaidia kutambua madini. Wengi wakizifungua hukimbilia kuzipaka rangi. Leo tusikimbilie. Tunatumia Cuprite, Nevada, Marekani: jangwa lisilo na majani ya kutusumbua, ndiyo maana wanajiolojia wanalipenda.

AVIRIS hupasua mwanga vipande vyembamba, yaani bendi, kila kimoja na urefu wake wa wimbi (kwa nanomita). Ikiwa kwenye ndege ya ER-2, kilomita 20 juu, kila pikseli ya mita 20 hivi huja na bendi 224, kati ya nanomita 400 na 2,500. Kamera ya simu yako ina tatu.

Hatua 1. Pakua faili la uakisi, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi inarudisha (0 hadi 1). Faili la mwanga ghafi bado lina jua na hewa ndani yake. Ukikuta 3,500 mahali pa 0.35, usishtuke, imezidishwa kwa 10,000.

Hatua 2. Tupa bendi za karibu na nanomita 1,400 na 1,900. Mvuke wa maji angani umeshameza mwanga huo. Mimi niliwahi kuziacha, programu ikanichorea madini yasiyokuwepo!

Hatua 3. Hapa tulia. Bofya pikseli moja, chora mstari wake (grafu ya uakisi kwa kila bendi), kuza kati ya 2,000 na 2,400. Tafuta mabonde, pale mstari unaposhuka. Kaolini (udongo mweupe kama ule wa Pugu) ina mabonde mawili yaliyoshikana: dogo karibu na 2,160, kubwa karibu na 2,200. Alunaiti, madini mengine, ina bonde pana karibu na 2,170. Kalsaiti (madini ya chokaa), 2,340. Kila bonde ni alama ya vifungo vya kemikali vinavyotetemeka na kumeza mwanga. Sogea pikseli kumi, uone bonde linavyohama.

Hatua 4. Linganisha na maktaba ya spektra (mistari ya madini yanayojulikana) ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ni ya bure. Rangi baadaye.

MASWALI

– Mkuu, laptop yangu inakwama.
Kata kipande. Bendi 50 za mwisho zinatosha kwa madini haya.

– Kwa nini nisitumie setilaiti ya Sentinel-2 tu?
Bendi yake ya 2,190 ina upana wa nanomita 180 hivi. Kaolini na alunaiti zinaingia humo pamoja, huzitenganishi.

– Na Usambara, kwenye msitu?
Utasoma majani: klorofili inameza nyekundu karibu na 680, halafu mstari unapanda ghafla. Mwamba ulio chini yake huuoni, ndugu yangu.